Safari ya Surabaya Iliyoishia Ghalani

Kwa maneno ya Faraji fundi cherehani, mambo yalikwenda hivi. Alhamisi iliyopita, alasiri, Awadhi bin Mbaruku, mnunuzi wa ngozi, alitoka nyumbani kwake amevaa kanzu mpya na koti la kijivu, koti la safari ambalo Faraji mwenyewe alilishona. Nyuma yake alikuja shemeji yake Jilala, sanduku la bati kichwani. Awadhi akasimama barazani kwa Faraji, maana nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Wakashikana mikono, wakaombana radhi, na Awadhi akaahidi kwamba akifika Surabaya, ng'ambo ya bahari, atampelekea jirani yake kikoi cha hariri. Kisha, badala ya kushika njia ya stesheni, wawili hao wakakata kona kuelekea ghala la ngozi. Haukupita muda, Jilala akarudi peke yake, hana sanduku, anajifuta mikono kwa majani makavu.

"Nikamuuliza, mzee wako yuko wapi? Akanijibu, katokea mlango wa nyuma, treni imekaribia. Mimi nikaamini. Shemeji wa mtu utamshukuje?"

Hivyo ndivyo Faraji alivyosimulia bomani, na ndivyo alivyosimulia msikitini, na kila aliporudia aliongeza chozi. Sajini Onesmo Bujiku wa polisi ya Shinyanga alikuwa ameyasikia mara mbili, na mara zote mbili alitoka pale akitamani kunawa.

Awadhi alipatikana jana, chini ya rundo la ngozi katika ghala lake mwenyewe, kisogo kimepondwa. Koti halikuwepo mwilini, na sanduku halikuonekana. Kabla ya adhuhuri Jilala alikuwa amekwisha kutiwa pingu, na Bwana Inspekta, Mwingereza aliyekuwa na haraka ya kila kitu isipokuwa chai, alikwisha kukata shauri: leo alasiri mtuhumiwa atapandishwa treni ya Mwanza akashtakiwe kwa kuua. Kwa ushahidi kama ule wa Faraji, Jilala alikuwa anakwenda kwenye kamba.

"Kazi yako ni koti na sanduku tu, Sajini," Inspekta alisema, leso puani ingawa maiti ilikuwa imelazwa chumba cha mbali. "Huyu mtu kavificha mahali. Nivione kabla ya treni."

"Ndiyo, Bwana."

Jilala alikuwa pande la mtu. Alikaa sakafuni mahabusu, magoti yamefika kidevuni, na harufu ya ngozi aliyokuja nayo ilikuwa imekijaza chumba mpaka askari wa zamu akahamishia kiti chake uani.

"Mwangaluka, Jilala."

"Mwangaluka, Sajini."

"Koti liko wapi?"

"Koti la shemeji ningelivaa wapi mimi? Kidoleni?"

"Ungeliuza."

"Nimuue mume wa dada yangu, niuze koti." Akatema mate pembeni. "Alhamisi sikuwa naye kabisa. Aliniambia nisihangaike kumsindikiza, Faraji amejitolea kubeba sanduku. Nikabaki nyumbani, jino linaniuma."

"Nani alikuona?"

"Jino."

Onesmo alichuchumaa, macho yao yakawa sawa.

"Lile rundo alilokutwa chini yake. Nani aliamuru lipanguliwe jana?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Anitume nani? Mimi ndiye msimamizi. Siku yake ya fimbo ilikuwa imefika."

Sajini alisimama, akafunga mlango mwenyewe, akamwita Konstebo Marselino wafuatane ghalani.

Ghala lilikuwa ng'ambo ya reli, bati tupu juu na chini, na harufu yake ilianza mtu akiwa bado stesheni. Ndani, uvundo ule haukuwa tena harufu. Ulikuwa kama kitu cha kushika, unakaa ulimini, unateremka kooni na mate. Nywele za ng'ombe zilielea hewani. Mahali alipokuwa amelala Awadhi, sakafu ilikuwa na doa la unyevu, na juu ya doa lile wadudu weusi wadogo walikuwa bado wanatambaa kwa bidii, kama watu wenye kazi isiyokwisha. Marselino alitoka nje, akarudi anajifuta mdomo.

"Samahani, afande."

"Baki mlangoni kama huwezi."

Kibarua aliyeitwa Mabula alikuwa kwenye rundo la pembeni, anafanya kazi yake ya kila siku. Alivuta ngozi moja kavu, akaitupa chini, akaichapa kwa fimbo ndefu mpaka vumbi likafuka na wadudu wakadondoka kama mtama. Akawakanyaga kwa kisigino, akaiweka ngozi upande wa pili, akavuta nyingine.

"Mnafanya hivi kwa marundo yote?" Onesmo aliuliza.

"Yote, Sajini. Kila juma. Ukiliacha rundo, wadudu wanazitoboa ngozi zikawa chujio, na mnunuzi wa Mwanza anazikataa."

"Jilala anajua hivyo?"

Mabula alimtazama kuona kama anataniwa. "Jilala ndiye aliyenifundisha kushika fimbo."

"Na Faraji fundi cherehani, huwa anafika humu?"

"Yule? Akipita hapo barabarani anaziba pua kwa kanzu. Anasema sisi tunanuka hata siku ya kuoga. Zaidi ya kuona ngozi zikiingia kwa mkokoteni na zikitoka kwa behewa, huyo hajui kinachofanyika humu ndani."

Onesmo alirudi mlangoni, alipokuwa Marselino anavuta hewa.

"Ungekuwa wewe ndiye Jilala, umemuua shemeji yako. Ungemficha chini ya rundo?"

Marselino akafikiri. "Labda. Halafu ningewaambia vibarua, rundo hili limeshauzwa, lisiguswe."

"Yeye kawaambia walipangue. Mbele yake. Akiwa amesimama hapo anawahimiza."

"Basi aliyemficha hakujua habari za fimbo, afande. Alidhani rundo likishapangwa linakaa hivyo hivyo mpaka behewa lije."

"Na kwa mtu asiyeingia humu, harufu ya maiti inayooza nayo ingekuwa ya ngozi tu." Onesmo alitoka juani. "Hapo aliwaza vizuri, maana mpaka jana hakuna pua iliyoshtuka."

Mbuke, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa juu ya mkeka katika chumba cha ndani, kanga kichwani, wanawake wa matanga wamemzunguka. Walipomwona Sajini walisogea. Pembeni ya ukuta kulikuwa na debe la samli lililozibwa kwa risasi ya fundi bati.

"Pole, Mama Zuwena."

"Nimeshapoa, baba. Umekuja kwa ajili ya kaka yangu?"

"Nimekuja kwa ajili ya safari. Nieleze ilivyopangwa."

"Safari." Alilitaja neno lile kama mtu anayetoa mfupa wa samaki mdomoni. "Mwaka mzima, baba. Akila, Surabaya. Akilala, Surabaya. Ndugu yake Ahmadi yuko huko na duka la vitambaa, mzee, hana mtoto, anamwita aende aonyeshwe mali atakayorithi, kabla mwenyewe hajafa. Waliachana hata meno hawajamaliza kuota, mmoja kachukuliwa na mjomba huku, mwingine kule. Wangekutana njiani wasingejuana. Basi mume wangu anakaa hapo, anapanga choroko mkekani. Hii Dar es Salaam, hii Bombay, hii Singapuri, na ile kule mwisho Surabaya. Kuku wanaingia wanakula Bombay. Anawafukuza, anaanza upya."

Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akaficha uso kwa kanga.

"Karatasi nani alishughulikia?"

"Faraji. Mzee alisoma Kiarabu tu, karatasi za serikali hakuzijua. Faraji aliandika, Faraji alipeleka picha, Faraji alisema pasi ya kusafiria ataikuta Dar es Salaam. Bila Faraji safari ingebaki choroko."

"Na chanjo ya ndui? Bila chanjo hawamruhusu mtu kupanda meli."

"Cheti Faraji alikileta."

"Mumeo alichanjwa siku gani?"

"Hakuchanjwa. Alikuwa na homa wiki ile, haamki. Faraji akasema asisumbuke, atazungumza na watu wa dispensari wamwandikie."

"Una hakika hakuchanjwa? Inaacha kidonda begani."

Mbuke alimtazama moja kwa moja. "Homa ile nilimpaka mafuta mwili mzima, asubuhi na jioni, mpaka Alhamisi anaondoka. Bega la mume wangu lilikuwa halina hata kipele."

Onesmo aliinuka. Mlangoni Mbuke alimsimamisha.

"Faraji alikuwa hapa asubuhi. Kanipa pole, kakaa kwenye sinia, kala. Akaomba aongezwe mchuzi. Kaka yangu hajala tangu jana. Wamenikatalia nisimpelekee chakula."

"Atakula," Onesmo alisema, kisha akajuta kusema kabla hajawa na uhakika.

Dispensari ilikuwa na harufu ya dawa ya kuua vidudu, na baada ya ghala ilikuwa kama kuingia kanisani. Mganga msaidizi, Donatus, kijana aliyehamishiwa Shinyanga majuzi kutoka Bukoba, alikuwa anachemsha sindano.

"Ulimwandikia cheti cha ndui mtu aitwaye Awadhi bin Mbaruku?"

"Msafiri wa Surabaya? Ndiyo."

"Bila kumchanja."

Donatus aliweka koleo chini. "Nani kasema hivyo? Alitaka nimwandikie tu, kweli. Alisema anaogopa, akanibembeleza. Mimi siandiki bega ambalo sijaligusa. Nikamwambia vua. Akavua, uso umemkunjamana kama ananyweshwa mwarobaini. Nilimkwangua mwenyewe, bega la kushoto."

"Ukimwona utamjua?"

"Kwa nini nisimjue? Kwani ana nini?"

Donatus alikuwa ameisikia habari ya maiti, lakini mjini watu walisema "Mwarabu wa ngozi" tu, na yeye alikuwa bado hajajua nani ni nani.

"Sindano zikichemka, pita kwa fundi cherehani jirani na hoteli ya Mhindi. Nitakuwa pale. Usiulize kitu, njoo tu."

Faraji alikuwa barazani nyuma ya cherehani, kanzu ya mikono mirefu imefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho linamchuruzika masikioni. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Tabora, baba Mwarabu kama marehemu. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu. Wa kushoto ulisukuma kitambaa kwa ncha za vidole tu, kiwiko kimebanwa mbavuni.

"Karibu, Sajini. Mmelipata koti?"

"Bado. Ndiyo nimekuja unieleze lilivyo, wewe uliyelishona."

Faraji aliona raha kuulizwa. "Kijivu. Vifungo vya pembe. Mfuko wa ndani niliutilia bitana ya kanga, kipande alinipa Mama Zuwena mwenyewe, nyekundu na nyeusi, mzee asimsahau huko aendako."

"Refu?"

"Fupi. Mzee alikuwa mfupi, mnene kama mtungi, Mungu amrehemu. Nilipata tabu kulikata." Akafuta jicho kwa mkono wa kulia. "Mkamateni vizuri yule Jilala. Ana nguvu."

"Leo anapanda treni."

"Alhamdulillahi."

Inzi wawili walikuwa wametua juu ya mkono wa kushoto wa kanzu, karibu na bega. Faraji aliwapungia, wakarudi palepale. Kitambaa pale kilikuwa kimegandia mwilini, na kilikuwa na duara la rangi ya usaha uliokauka.

"Bega lina nini?"

"Hili? Chale tu." Alizungusha gurudumu kwa kasi zaidi. "Nilikwenda Geita mwezi uliopita kuuza suruali kwa wachimbaji wa dhahabu. Kuna mganga kule, anawachanja chale za bahati. Wakanivuta na mimi."

"Nilikaa Geita. Chale za wachimbaji nimeziona nyingi. Mistari myembamba, inapakwa masizi, inakauka. Haitoi usaha. Na hakuna mganga anayezichanja begani, ni kifundoni, mkono wa kushikia sururu."

"Labda huyu ni mganga mwingine."

"Nionyeshe."

"Ni mambo ya aibu, Sajini, mbele ya barabara."

Donatus alipanda barazani akifuta mikono kwenye suruali. Alimpita Sajini, akamwinamia mtu wa cherehani, uso umejaa wema wa kazi yake.

"Ah, Mzee Awadhi. Kumbe hujaondoka bado? Na nilikukataza kukifunika kidonda. Angalia kilivyooza."

Gurudumu la cherehani lilisimama.

Donatus aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Nilimsaidia," Faraji alisema hatimaye, sauti laini. "Mzee alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Huyu bwana hataki kuandika bila bega, nikatoa langu. Kumsaidia jirani imekuwa kosa?"

"Si kosa. Ungesema hivyo nilipokuuliza, ningekushukuru. Chale za Geita zimetoka wapi?"

Faraji alilamba midomo.

"Marselino," Onesmo aliita.

Konstebo alitokea ndani ya nyumba, alikokuwa ameingilia mlango wa uani kwa amri ya Sajini. Alikuwa anaburuta sanduku la bati lililokuwa limefunikwa jora la amerikani. Begani alikuwa amening'iniza foronya yenye kitu kizito ndani.

"Foronya ilikuwa nyuma ya mlango, afande. Kwenye msumari."

Onesmo aliitikisa foronya, likatoka koti la kijivu lenye vifungo vya pembe. Lilinuka sabuni ya mche. Ukosi ulikuwa na doa la kahawia lililosuguliwa mpaka nyuzi zimeanza kufumuka. Aligeuza mfuko wa ndani: nyekundu na nyeusi. Kisha akaitazama mikono ya koti. Pindo lilikuwa limefumuliwa na kushushwa, na mkunjo wa zamani ulionekana bado, mstari uliokolea kuliko kitambaa kingine. Kwenye mbavu, ushonaji mpya ulikuwa umekula kitambaa pande zote mbili.

Alikuwa ameona mambo huko machimboni. Aliwahi kuona mtu anang'olewa jino la dhahabu kabla hajapoa. Lakini kukaa na sindano, taratibu, unapima, unatia uzi, unalitengeneza koti la mtu uliyemponda kichwa likukae wewe, na ng'ambo ya ukuta mkewe analia, hilo lilimchukiza kuliko wadudu wa ghalani.

"Livae," alisema.

"Sajini..."

"Livae."

Faraji alisimama. Aliingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto taratibu, akiuma meno kwa ajili ya bega. Watu wa hoteli walikuwa wameanza kusogea. Koti la mtu mfupi, mnene kama mtungi, lilimkaa fundi yule mrefu bila kubana wala kupwaya, na kwa mazoea ya kazi yake, kabla hajajizuia, alilivuta chini kwa mbele ili lilale vizuri.

Mmoja wa watazamaji aligeuka akatema mate mchangani.

"Yule mzee asingefika," Faraji alisema, akiwaangalia kana kwamba wanaweza kumwelewa. "Mnajua alivyokuwa. Homa kila mwezi. Angefia melini, wakamtupa baharini, na lile duka lingekwenda kwa nani? Ahmadi hamjui sura. Anamngoja mtu tu. Mtu yeyote ampe faraja."

"Na Jilala?"

"Jilala nini?"

"Yeye angenyongwa."

Faraji alinyanyua bega la kulia. "Ningekuwa nimeshaondoka."

Bomani, Inspekta alisikiliza taarifa yote leso ikiwa puani. Alilishika koti kwa vidole viwili, akamsikiliza Donatus, akaamuru simu ipigwe Dar es Salaam waitazame picha iliyo kwenye pasi ya Awadhi bin Mbaruku. Hakumwomba mtu radhi. Alichosema ni kwamba nafasi ya treni imeshalipiwa, na kwa hiyo pingu zihamishwe.

Marselino alizitoa mikononi mwa Jilala, akazitia mikononi mwa Faraji, palepale kwenye benchi la barazani. Chuma kilikuwa bado na joto la mtu wa kwanza, na Faraji akakunja pua kwa harufu ya ngozi. Mbuke alikuwa amefika na bakuli la ugali na maziwa. Aliliweka mbele ya kaka yake bila kumtazama mtu mwingine yeyote. Jilala alikula kwa mkono uliovimba kwa pingu, tonge kubwa kubwa.

Upande wa reli treni ilipiga honi. Onesmo alitia sahihi kitabu cha zamu, akamwashiria Marselino amwinue mfungwa. Faraji aliinuka. Kofia ilikuwa imemwanguka njiani, mtu kaikanyaga, na nywele zake zilikuwa zimegandamana kwa jasho. Alijitazama, akatazama barabara ya kuelekea stesheni na watu waliokwisha kujipanga pande zote mbili, kisha akageuka kwa yule aliyekuwa anakula.

"Jilala, ndugu yangu," alisema kwa upole, kama mtu anayeongea na jirani. "Nina kofia mpya, ya hariri, iko juu ya kabati chumbani. Niliinunua kwa ajili ya safari. Kimbia uniletee, nisipite mbele za watu kichwa wazi."

Jilala alifinyanga tonge, akachovya kwenye maziwa.

"Jilala," Faraji akaita tena. "Si mbali."